Siku Moja ya Msaidizi wa Utafiti wa Haki za Wafanyakazi wa Majumbani

Taarifa ya habari inaposema kwamba utafiti wa chuo kikuu "umebaini" jambo kuhusu wafanyakazi wa majumbani, wengi hudhani limebainika ofisini. Mimi saa kumi na mbili asubuhi huwa nimeshaning'inia kwenye daladala ya Sinza, Dar es Salaam, nikiwa na kishikwambi, fomu za ridhaa na barua ya kibali. Saa mbili ni mhuri wa serikali ya mtaa, kisha mjumbe hunisindikiza.

Saa tatu na robo tuliingia nyumba ya kwanza. Mama mwenye nyumba alitukaribisha vizuri, akaagiza chai, kisha akaketi. Nilimweleza kwamba utaratibu unataka dada wa kazi ahojiwe peke yake. "Hapa hatuna siri, mwanangu," akanijibu, "huyu ni kama binti yangu." Nikamuuliza dada huamka saa ngapi, mama akajibu, saa kumi na mbili. Nikauliza kuhusu mkataba, mama akacheka. Dada alikuwa akikitazama kishikwambi kana kwamba kitampeleka polisi, nikakirudisha mkobani na kutoa daftari.

Hatimaye nilimwomba mama tuanze na dodoso la waajiri, na hapo akafunguka kwelikweli. Naye ni mwajiriwa. Alipojifungua alipata likizo ya siku 84 kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka, lakini aliporudi kazini alinyimwa muda wa kunyonyesha, ambao sheria hiyohiyo inaruhusu ufike saa mbili kwa siku. Alizihesabu saa alizodhulumiwa kwa uchungu mkubwa, na aliyembembeleza mtoto muda wote huo alikuwa ndiye aliyetuletea chai. Simwoni kuwa mtu mbaya; nimechoka tu kukutana na hesabu inayoishia mlangoni. Saa tano ilipokaribia alitoka kupokea simu, na dada, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba huamka saa kumi usiku na hulala saa tano usiku, na katikati hupumzika kwa muda wa kama saa mbili.

Nyumba zilizofuata zilipita katika jua kali na njaa. Mchana mwandishi wa habari alipiga simu akitaka "asilimia moja tu" ya kufungulia habari yake. Nilimweleza kuwa mahojiano hayajakamilika na kwamba msemaji ni mtafiti mkuu, akakata.

Usiku, macho yakiwa mazito, nilihamishia majibu ya daftarini kwenye kishikwambi. Sheria inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Penye saa za kazi za dada yule niliandika 17, na programu ikakataa, kwa kuwa walioiandaa waliweka kikomo cha 16. Nikamwandikia msimamizi akiongeze kabla ya asubuhi.