Kusi Mgongoni

Kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, pwani yetu huwa mikononi mwa kusi. Upepo huo hutoka baharini, upande wa kusini-mashariki, na anayeendesha baiskeli kutoka Kilifi kuelekea Malindi huupata mgongoni. Nimeishi Nairobi miaka mingi nikidhani hilo ni jambo la wavuvi na manahodha. Jumamosi iliyopita limenihusu mimi.

Mimi na mwenzangu wa baiskeli tulisafiri na basi la usiku, baiskeli zimelazwa kwenye buti, magurudumu ya mbele yamefunguliwa, minyororo imefungwa magazeti isichafue mizigo ya watu. Kilifi tulishuka alfajiri. Mahamri, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi, na saa moja asubuhi tulikuwa barabarani. Nia ilikuwa kufika Gede, tuteremke Watamu, turudi kabla ya giza. Kwenda ni zaidi ya kilomita 40, na kurudi ni hizo hizo.

Tulipoipita Tezo magari yakapungua, tukaanza kwenda bega kwa bega. Hapo ndipo nilipogundua ule utulivu. Kasi yako ikikaribiana na ya upepo, ule mvumo unaoziba masikio siku zote hupotea kabisa. Nilisikia mnyororo ukipita kwenye meno ya gia. Nilisikia tairi za mwenzangu zikisaga mchanga uliotapakaa ukingoni mwa lami. Nilimsikia hata akipumua.

Tumeendesha pamoja Jumapili nyingi, Southern Bypass kisha Ngong, wakati mwingine Karura, na barabarani hatujawahi kuzungumza. Nairobi mmoja hutangulia na mwingine hufuata, mmebana ukingoni, sikio lote liko kwa matatu inayokuja nyuma. Maneno husubiri kibanda cha chai, na kibandani watu huzungumza mpira.

Kabla ya Matsangoni akaniambia, macho yako mbele, "Unajua Jumapili tukiachana huwa siendi nyumbani."

Yeye huenda kwa mamake. Figo za mama zimechoka. Kila Jumatatu na Alhamisi husafishwa damu, amekaa kitini kwa muda wa karibu saa nne, na mwanawe ndiye humpeleka na kumrudisha, akiwa hana nguvu hata ya kushika kikombe. Jumapili humpikia na kumpangia maji ya kunywa ya siku, kwa kipimo, kwa sababu akizidisha miguu huvimba na kifua hubana. Yote haya yamekuwa yakiendelea huku mimi nikimwona kila wiki. (Ameniruhusu kuyaandika.)

Sikuwa na la kusema zaidi ya pole sana, ndugu yangu. Tukaendelea. Upepo ulitubeba na yeye akaendelea kusema, taratibu, kama kilomita kumi hivi.

Tulisimama kunywa madafu. Muuzaji alilichonga la kwanza kwa panga, mapigo matatu, akakata kipande cha ganda la ubavuni ili kiwe kijiko cha kukwangulia nyama yake laini. Mwenzangu alilishika lake kwa mikono miwili, hakunywa mara moja. Mamake alikuwa mpenzi wa madafu. Sasa amekatazwa, maana dafu lina potasiamu nyingi, na figo zisizofanya kazi haziwezi kuiondoa. Ikijaa mwilini inaweza kuusimamisha moyo. Alininong'oneza hayo, muuzaji asije akadhani bidhaa yake inasemwa vibaya. Kisha akanywa lote.

Palepale alikuwapo mzee mmoja, baiskeli yake nzito isiyo na gia, madumu ya maji yamefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Tulimwamkia, shikamoo baba, akaitikia, akazitazama baiskeli zetu kwa makini. "Kwenda mtakwenda, wanangu," akasema. "Kurudi ndiko mtakapolijua kusi."

Gede tuliziacha baiskeli langoni tukatembea kati ya kuta za matumbawe. Mji huo wa Waswahili ulistawi kwa karne kadhaa, ukahamwa karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Mimi hupenda zaidi visima vyake. Watamu tulikula samaki, tukatia miguu baharini, basi.

Kurudi ni habari nyingine. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani aliyempata hapo, na kusi likamvusha hadi Calicut kwa chini ya mwezi. Wakati wa kurudi hakuusubiri upepo ugeuke. Bahari ileile ikamchukua miezi, mabaharia wake wengi wakafa, akaiona tena Malindi Januari 1499. Nilimkumbuka tulipokuwa tukipita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, gia nyepesi kabisa, na bado miguu inauma.

Upepo ukiwa wa mbele, dawa ni kupokezana. Mmoja anaukata, mwingine anajificha nyuma yake, shubiri chache kati ya tairi na tairi. Ila kusi lilitujia kwa kushoto, kutoka baharini, kwa hiyo kificho chenyewe kilikuwa upande wa kulia, yanakopita malori. Huwezi kujificha kikamilifu. Anayefuata hupata nusu ya nafuu, na anayetangulia lazima anyooshe mstari wake asimsukume mwenzake barabarani. Kila zamu ilipoisha wa mbele alitikisa kiwiko. Kuongea hakukuwezekana. Tangu Mida nilianza kukaa mbele muda mrefu zaidi. Alipopaza sauti kwamba zamu imefika, nilimwambia bado, na nilimwambia hivyo mara kwa mara hadi miti ya Ngerenya. Alielewa. Aliacha kudai.

Tumerudi Nairobi, na jambo moja linaniuma. Kaunti ilipitisha mwaka 2015 sera ya kuwatengea nafasi watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Natamani nafasi hiyo iwe pana kiasi cha kupitisha baiskeli mbili sambamba. Niliijua hali ya mama yule kwa sababu barabara ya mbali ilituruhusu kwenda bega kwa bega.

Jana nilimpigia simu. Jumatatu anabaki nayo, kazini kwake wamemzoea. Alhamisi nimeichukua mimi: saa kumi na moja alfajiri niko kwao Umoja na gari la dada yangu, na kikombe cha kupimia maji atanionyesha mwenyewe kilipo.