Makaa ya tope la choo: wacheni kudanganywa

Mtu akikwambia tope la choo likishakauka juani ni makaa tayari, mkimbie. Mshauri mmoja alitujia Miritini na maneno hayo. Tukafinyanga madonge, tukaanika, tukawasha. Wallahi, jirani alianua nguo zote, na mpangaji wa ghorofani akashuka mbio na ndoo ya maji akidhani choo kimeshika moto! Tena mayai ya minyoo hukaa hai miezi ndani ya tope lililokauka, na mshauri yule alikuwa akilishika mikono mitupu.

Kulipata tope lenyewe si shida. Nyumba nyingi za Mombasa zina mashimo ya choo, hazijaunganishwa na mabomba ya kwenda mtambo wa majitaka wa Kipevu, kwa hivyo magari ya kunyonya hayakosi kazi. Vibali vya NEMA, mamlaka ya mazingira, fuatilia mapema. Kukausha ni kokoto chini, mchanga juu, na jua la kaskazi. Masika weka paa au lala.

Raha iko kwenye pipa, humo ndimo tope kavu huchomwa bila hewa likawa makaa. Fundi wa kuchomelea alishikilia bomba la moshi litoke juu. Nikakataa: litoke ubavuni, lipinde, lirudi chini motoni. Akanicheka, akaongeza na bei. Pipa likafunikwa hewa isiingie, tukawasha makumbi ya nazi chini yake. Tope lilipopata moto likaanza kutoa gesi, gesi ikashuka na bomba, ikashika. Makumbi yakaisha na moto bado unavuma! Uvundo wote uliungulia humo. Fundi kimya, na mimi sikumwachia, nilimuuliza mara mbili bomba liko wapi.

Ukizidisha moto utabaki na majivu, maana tope lina majivu mengi kuliko mti. Ndiyo sababu nachanganya na vifuu vilivyochomwa vivyo hivyo, karibu nusu kwa nusu, nikashikisha kwa uji wa muhogo. Wanaotia udongo wanauza majivu. Na pipa lipoe kabisa kabla ya kulifungua, la sivyo makaa yote yatawaka mbele yako. Pipa, bomba na fundi vilinila elfu kumi na kitu.

Wateja siwafichi. Bi mmoja wa mahamri aliruka: "Mwanangu, mimi nipikie mavi?" Nikamwachia gunia bure, achemshie maji ya kuoga tu. Siku hizi humtuma kijana wake, na hutaka yale yenye vifuu vingi, eti yanashika upesi.