Siku moja na kamera yangu: napiga picha mbwa, Dodoma

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka. Betri, kadi, lenzi ndefu, maji na bakuli, kisha bodaboda mpaka Iyumbu. Julai huku jua huchomoza kama saa moja kasorobo, na ule mwanga wa ubavuni unaochora kila unyoya haudumu.

Mteja wa kwanza, dada mmoja na mbwa wake mdogo, aliwahi. Tukamaliza mapema, picha safi.

Wa pili tuliahidiana saa moja na nusu. Akafika saa nne na nusu, baba wa makamo na Jemani Shepadi mweusi anayeshinda bandani, hufunguliwa usiku tu.

"Kijana, piga haraka, nina kikao."

"Mzee, jua limeshapanda. Macho yatamezwa na kivuli, mgongo utang'aa kama bati."

"Si ndiyo kazi ya kamera hiyo?"

Nikagusa ardhi kwa kiganja, nikakiondoa upesi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, na huyu ulimi ulikuwa nje wote. Mzee anavuta mnyororo, "Kaa! Tulia!", anataka picha ya pasipoti. Upepo unapuliza vumbi kwenye lenzi. Mbigili zimemchoma mbwa nyayoni. Nikapiga magoti kuzing'oa moja moja, mzee anatazama saa. Hapo nikakataa kupiga. Nikamnywesha mbwa chini ya mgunga, tukaanza ubishi wa bei, "Elfu hamsini, kwa mbwa?", mpaka akakubali kurudi jioni.

Mchana nilihamisha picha, nikala ugali wa uwele na mlenda.

Jioni jua limelegea, akaja. Tukaingia kwenye kiwanja chenye uzio, nikaomba mnyororo ufunguliwe. Mbwa alisimama tu, kama hajui aende wapi. Mzee akarusha mpira. Nikalala kifudifudi, kamera usawa wa macho ya mbwa, shuta (muda kamera inapofunguka) 1/1600 ya sekunde, mwanga nimempimia yeye, si vumbi linalong'aa nyuma yake. Akaja mbio! Masikio yamelala, miguu yote hewani. Rudia. Rudia tena. Viwiko vimechubuka, mgongo unawaka, wapita njia wanacheka, "Anampiga picha mbwa!" Ndiyo, mbwa, na kumnasa akikimbia ni kazi ya ufundi niliyojifunza kwa jasho.

Usiku bado nachagua picha, mzee akapiga simu. Picha ya mbwa aliyetulia haitaki tena. Anataka ya mbio, kubwa, ya kutundika sebuleni.