Nilivyoyasoma Vibaya Manyoya ya Pamba

Mwezi wa Juni mwaka jana, miezi mitano baada ya familia yetu kuhamia Lushoto kutoka Tanga mjini, jirani yangu alisimama mbele ya banda la sungura wetu, akainama kumtazama vizuri, kisha akaniuliza, "Mama Salma, huyu mnyama mnamlaza jikoni?" Hakuuliza kwa dharau. Pamba alikuja huku mlimani akiwa mweupe kama jina lake, isipokuwa pua, masikio, miguu na mkia, sehemu ambazo kwa sungura wa aina ya Kalifonia huwa nyeusi. Sasa weusi wa pua ulikuwa umepanda hadi karibu na macho, na mapajani kulikuwa na rangi ya kijivujivu, utadhani mtu amempangusia masizi.

Mimi nami niliamini kuwa ni masizi, kwa kuwa banda liko nyuma ya jiko la kuni, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo linanitia haya: nilimwogesha. Rangi haikutoka hata kidogo. Pamba alitetemeka kwa zaidi ya saa nzima akiwa amefungwa khanga, macho yamemtoka, na hakugusa chakula mpaka usiku. Baadaye nilielewa sababu. Chini ya manyoya marefu ya juu sungura ana manyoya mengine mafupi, laini na yaliyosongamana, ambayo yakilowa hushika maji na kuchelewa sana kukauka, hivyo mwili hupoteza joto. Na hofu peke yake humtosha mnyama huyu kuacha kula, jambo ambalo kwake ni hatari kuliko uchafu wowote. Sungura hujisafisha mwenyewe kwa ulimi na miguu ya mbele. Ikiwa kuna mahali pamechafuka kiasi cha kumshinda, huoshwa pale tu, kisha pakakaushwa kabisa.

Maelezo ya ule weusi yalikuwa mepesi na ya kuvutia kuliko nilivyodhani. Sungura wa Kalifonia walizalishwa Marekani katika miaka ya 1920 kwa kuchanganya aina kadhaa, mojawapo ikiwa ni Himalaya, na kutoka huko walirithi kimeng'enya cha kutengeneza rangi ambacho hufanya kazi pale tu ngozi inapokuwa ya baridi. Ndiyo maana weusi hukaa kwenye ncha za mwili, ambako joto ni pungufu, na mgongo na tumbo hubaki vyeupe. Tanga, pamoja na jasho lake la mwaka mzima, ilimweka Pamba katika weupe. Lushoto, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ilimpa usiku wa Juni ambao hata sisi tuliulalia kwa mablanketi mawili. Unyoya ambao umekwisha kuota haubadiliki rangi kwa baridi. Unaobadilika ni ule unaochipuka wakati wa baridi, na kwa bahati Pamba alikuwa amenyonyoka na kuotesha manyoya mapya katika majuma hayo hayo.

Kunyonyoka huko nako kunahitaji kuelezwa, kwa sababu maandishi mengi kuhusu sungura yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao husema kwamba sungura hubadilisha manyoya kwa wingi mara mbili kwa mwaka, wakati majira ya kuchipua na ya mapukutiko yanapoingia. Huko mwili wa sungura hufuata urefu wa mchana: London mchana wa Desemba ni karibu saa 8 tu, na wa Juni unazidi saa 16. Kwetu tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni nusu saa na dakika chache, kwa hiyo mnyama hapati ishara iliyo wazi, na si ajabu akanyonyoka kidogo kidogo wakati wowote. Unyonyokaji wa kawaida una utaratibu wake. Mara nyingi huanzia kichwani, ukashuka shingoni na mgongoni hadi makalioni; wakati mwingine utaona mstari unaotenganisha manyoya ya zamani na mapya, kama alama ya maji kujaa na kupwa ufukweni. Unaweza kuchomoa vishungi kwa vidole bila mnyama kuumia, na ukitenganisha manyoya pale palipopungua utakuta ngozi safi na nywele fupi zinazoota. Siku hizo humchana kila jioni, kwani sungura hawezi kutapika, na kila anachokilamba hakina budi kupita tumboni. Watu hulaumu manyoya kwa kuziba tumbo, lakini kwa kawaida tatizo huanza na tumbo lililozubaa kwa kukosa nyuzinyuzi. Majani makavu yakijaa bandani usiku na mchana, manyoya hupita bila shida.

Basi, wakati nikihangaika na weusi usiokuwa na tatizo lolote, kulikuwa na jambo jingine nililolitazama kila siku bila kuliona. Katikati ya mabega yake, mahali ambapo binti yangu hupenda kumkuna, manyoya yalikuwa yamepungua, na kulikuwa na unga mweupe ambao nilidhani ni mabaki ya sabuni. Salma mwenyewe alikuwa na vipele vidogo vya kuwasha kwenye mikono, upande wa ndani, anapompakatia Pamba. Nililaumu kunguni, nikaanika magodoro mawili juani, na kunguni sikumwona hata mmoja.

Daktari wa mifugo tuliyemwendea hakushughulika na ile rangi ya moshi. Alitandaza kitambaa cheusi mezani, akamweka Pamba juu yake, akamkung'uta manyoya ya mabegani kwa vidole, kisha akaniambia, "Mama, usiangalie sungura, angalia kitambaa." Chembe za mba zilikuwa zimetawanyika kama chumvi. Nilitazama kwa muda, nikiona mba tu, mpaka mojawapo ikatembea. Ilikwenda mwendo wa taratibu kabisa, ikasimama, ikaendelea. Daktari alinasa nyingine kwa kipande cha selotepu, akaiweka chini ya hadubini, akanionyesha mdudu mwenye miguu minane: utitiri wa manyoya uitwao Cheyletiella, unaoishi juu ya ngozi na kusukuma magamba huku na huku unapotembea. Humuuma pia binadamu anayempakata mnyama, ila hauwezi kuzaliana juu yake. Alipouliza kama kuna mtu nyumbani anajikuna, Salma alinyoosha mikono yote miwili.

Pamba alichomwa sindano ya ivermektini, ikarudiwa baada ya siku 14, na banda likasafishwa na matandiko yote kuchomwa, kwa kuwa utitiri huu huweza kukaa siku kadhaa nje ya mnyama. Nasema alichomwa na daktari, na nakusudia hivyo. Dawa hiyo inauzwa katika duka lolote la pembejeo, lakini chupa imeandikwa kipimo cha ng'ombe, mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito, na Pamba ana kilo 4. Kosa la tone moja kwake ni kubwa. Hatari zaidi ni dawa za viroboto vya mbwa na paka zenye fipronili, ambazo zinaweza kumuua sungura. Nilikuwa nayo kabatini, na siku moja kabla ya safari ya daktari nilikwisha kuitoa.

Tangu hapo ninapoona mabadiliko kwenye manyoya naanza kuuliza ni mahali gani, kisha nafunua nitazame ngozi, kisha naangalia kama anakula na kinyesi chake kikoje. Mahali penyewe husema mengi. Kidevu kinacholowa mate hunielekeza kwenye meno, ambayo kwa sungura hayaachi kukua. Manyoya yaliyogandamana upande wa ndani wa miguu ya mbele ni ya mnyama anayejipangusa pua yenye mafua. Ukoko wa kahawia ndani ya sikio ni utitiri wa aina nyingine, na ukurutu mgumu kwenye pua, midomo na vidole ni upele, ambao huku kwetu wafugaji wengi wanaujua. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yaweza kuwa fangasi, naye huambukiza watoto. Jike akijing'oa manyoya kifuani na kubeba nyasi mdomoni, mtengenezee kiota, kwani anakaribia kuzaa au mwili wake umemdanganya kuwa ana mimba. Hiyo haihitaji dawa ya ngozi.

Vipele vya Salma vilipotea kabla ya mwezi kwisha. Pale mabegani manyoya yaliota tena mwezi wa Agosti, na kwa kuwa ngozi ilikuwa imekaa wazi katika baridi, yaliota ya kijivu iliyokolea, baka la ukubwa wa kiganja katikati ya mgongo mweupe. Jirani aliliona, akaniuliza sasa nini tena. Nililitenganisha kwa vidole mbele yake: ngozi safi, hakuna unga. Pamba alivumilia sekunde chache, akanigeuzia mgongo, akarudi kwenye majani yake.