Mshale Ulipolala Sifuri

Tulikuwa tumeshaipita Usoke, tunatoka Urambo na madumu ya asali nyuma, mshale wa spidi ulipodondoka ghafla ukalala kwenye sifuri. Mjomba akagonga kioo cha dashibodi kwa kidole. Wapi! Muda si mrefu gari nalo likaanza vituko: injini inalia, gia haipandi, ikipanda, inapanda kwa kishindo mpaka madumu yanagongana. Taa ya O/D OFF, ile ya giaboksi ya otomatiki pale kwenye dashibodi, inapepesa tu. Tukaja hivyo hivyo mdogo mdogo hadi Tabora mjini, tunapitwa hata na bodaboda zilizobeba mkaa.

Fundi wa kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akanusa, akatikisa kichwa. "Mzee, hii giaboksi imekwisha. Tuishushe, nikutafutie ya mtumba." Oili yenyewe niliiona: nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Na ule mshale? Ah, hilo dogo, tutaliangalia baadaye. Hapo ndipo aliponitia shaka. Vitu viwili vife njia moja, karibu wakati mmoja, halafu visijuane?

Nikamwambia Mjomba twende Isevya kwa fundi umeme. Kijana mmoja mpole, si mtu wa maneno. Giaboksi hakuigusa. Aliuliza tu, "Shikamoo Mzee. Kilianza kipi, mshale au gia?"

"Marahaba. Mshale."

Akafungua boneti, akachukua kipande cha waya na kuunganisha matundu mawili ya kile kisanduku cha vipimo, TE1 na E1, kisha akaniambia nifungue swichi bila kuwasha injini. Taa ya O/D OFF ikapepesa mara 4, ikatulia, ikapepesa mara 2. Ikarudia.

"Kosa namba arobaini na mbili," akasema. "Sensa ya spidi."

Kwenye gari lile sensa hiyo, kifaa kinachosoma mwendo wa gari, imechomekwa kwenye giaboksi. Taarifa yake ndiyo inayopandisha mshale, na hiyo hiyo kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, inaisoma ili ijue wakati wa kubadili gia. Ikikatika, kontroboksi haijui kama gari linakimbia au limesimama. Basi inabahatisha.

Soketi yake ina waya tatu. Akapima: volti 12 zinafika. Akaushika waya wa ethi, akauvuta kidogo tu, ukatoka wenyewe mkononi kama jino bovu, ncha imeliwa na kutu ya kijani. Maji ya mvua yalishaingia humo siku nyingi. Akakata palipooza, akachuna, akalehemu, akazungusha tepu.

Tukalijaribu barabara ya Nzega. 20, 40, 60, mshale unapanda, na gia zinafuatana bila hata kuzisikia. Kijana alitaka Sh 15,000. Mjomba, ambaye kwake kutoa ni kazi, alilipa bila kupunguza na kumwongezea chupa ya asali.

Jioni fundi wa kwanza akapiga simu: giaboksi imepatikana, Mzee atume kianzio.