Kugawa ukurasa wa MB 2 ndani ya keneli: tafadhali msinakili biti zote

Anayekuambia kwamba kugawa ukurasa mkubwa wa kumbukumbu (kipande cha saizi maalumu ambacho prosesa hukitafsiria anwani kwa mkupuo) kuwa kurasa ndogo ni "kunakili biti zote kama zilivyo, kisha ubadilishe anwani" hajawahi kuifanya kazi hiyo kwenye mashine halisi. Keneli yangu, yaani kiini cha mfumo endeshi, sasa inagawa kurasa vizuri kabisa, na najivunia, lakini ushauri ule ulinikosesha usingizi, kwa hiyo leo nautoa nyongo.

Keneli yenyewe ni ndogo, ya prosesa za x86-64 (aina ya Intel na AMD), naiandika kwa kujifurahisha. Kumbukumbu yote niliiwekea ramani ya kurasa za MB 2, kwa sababu ni rahisi na inaokoa nafasi kwenye TLB, pale prosesa inapohifadhi anwani ilizokwisha kutafsiri. Kisha nikataka ukurasa wa ulinzi chini ya kila steki, yaani eneo la kumbukumbu za muda la kila uzi (mkondo mmoja wa utekelezaji wa programu): KB 4 zisizoguswa, ili uzi ukivuka mpaka wake unaswe palepale badala ya kuharibu data ya jirani kimyakimya. Sasa huwezi kutoboa KB 4 katikati ya ukurasa wa MB 2. Sharti uugawe uwe kurasa 512 ndogo.

Hesabu yake ni nyepesi. Unachukua KB 4, unajaza humo maingizo 512 ya baiti 8 (kila ingizo lina anwani ya ukurasa mmoja na biti za sifa zake), halafu lile ingizo la zamani la ngazi ya juu, lililokuwa la ukurasa mkubwa, unalielekeza kwenye jedwali jipya. Nikajaribu kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta, mambo safi. Steki ikifurika, inanaswa. (Kosa maradufu, yaani linalozuka prosesa ikishindwa kushughulikia kosa la kwanza, lipeni steki yake kupitia IST, orodha ya steki za akiba. Prosesa haiwezi kuandika taarifa za kosa kwenye steki ambayo ndiyo imekwisha, na mashine itajiwasha upya bila hata kuaga.)

Nikahamia kwenye kompyuta halisi. Haikuanguka, na laiti ingeanguka! Kila kitu kilifanya kazi, ila polepole mno, hadi maandishi ya kuwasha mfumo yakawa yanatokea mstari kwa mstari naweza kuyasoma kwa sauti. Hakuna kosa la ukurasa hata moja. Mmoja wa washauri wangu akasema ni TLB hiyo, punguza kugawa. Mwingine akasema kurasa ndogo ndivyo zilivyo, uzoee. Nizoee nini? Kurasa za KB 4 huongeza kazi ya TLB, sikatai, lakini si kwa kiasi kile.

Nikatunga kipimo ambacho hadi leo nakipenda. Nilisoma kipande kidogo cha kumbukumbu, KB chache tu, neno baada ya neno, mara mbili mfululizo, huku nikihesabu mizunguko ya saa ya prosesa kwa amri ya RDTSC. Kwenye ukurasa usiogawanywa, usomaji wa pili ulikwenda mbio, maana data ilishaingia kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa. Kwenye uliogawanywa, wa pili ulikuwa mzito vilevile kama wa kwanza. TLB ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa: KB chache ni kurasa chache tu, TLB inazimeza bila shida. Tatizo ni kwamba data haikuwa ikiingia kwenye kache asilani. Nikachapisha ingizo moja la jedwali jipya kwa heksadesimali. Linaishia 1E3. Mzizi wa fitina ndio huo!

Katika ingizo la ukurasa mkubwa, biti ya 7 humwambia prosesa kwamba huu ni ukurasa mkubwa. Katika ingizo la ukurasa mdogo, biti hiyohiyo ya 7 ni ya PAT, yaani inachagua aina ya kumbukumbu, mfano kama ipite kwenye kache au la. Ukiinakili, kila ukurasa mdogo unaangukia nafasi ya 4 ya rejista ya PAT, yenye orodha ya aina hizo. Prosesa ikiwaka, nafasi ya 4 ni sawa na ya 0, kache ya kawaida, kwa hiyo asiyeigusa rejista hiyo hatajua kamwe. Mimi nafasi ya 4 nilikwisha kuiweka kwa ajili ya kumbukumbu ya skrini, ambayo usomaji wake haupiti kwenye kache. Steki zangu zote zikawa zinatendewa kama pikseli! Na QEMU ikiiga prosesa kwa programu tupu haijali mambo ya kache, ndiyo maana kule kulikuwa shwari. Ingizo lilipaswa kuishia 163, yaani 1E3 bila biti ya 7.

Kuna na upande wa pili. PAT ya ukurasa mkubwa iko kwenye biti ya 12, ambayo kwa ukurasa mdogo ni biti ya kwanza ya anwani. Usipoisafisha, maingizo yanaelekea kurasa zisizo zao. Ihamishe kwenda ya 7, na anwani uikate kwenye mpaka wa MB 2.

Ushauri mwingine mbovu: "pakia CR3 upya, TLB itasafika." CR3 ni rejista inayoonyesha jedwali la juu kabisa la kurasa, na kuipakia upya hakusafishi kurasa zenye biti ya G (ya kurasa za pamoja), na za keneli kwa kawaida zinayo. Tumia INVLPG, amri ya kufuta tafsiri ya ukurasa mmoja, au zima na uwashe PGE (swichi ya biti ya G) kwenye rejista ya CR4, tena kwenye kila kori ya prosesa, na usubiri zote zijibu.

Linux, inapogawa ukurasa mkubwa wa programu, kwanza hulifanya ingizo liwe halipo, inasafisha TLB, ndipo inaweka jedwali. Sababu ni prosesa fulani za AMD ambazo hazivumilii tafsiri za saizi mbili za anwani moja kwenye TLB. Mimi sikuweza kufuata njia hiyo, kwani huenda steki ninayoitumia muda huohuo iko ndani ya ukurasa ninaougawa. Kwa hiyo naweka jedwali lenye ruhusa na aina ya kache ileile, nasafisha kori zote, halafu ndipo natoboa ukurasa wa ulinzi na kusafisha tena. Ingizo la juu liachieni ruhusa ya kuandika na bila NX (biti ya kukataza kuendesha msimbo). Ubanaji ufanyike chini, maana prosesa hufuata ngazi iliyobana zaidi.

KB 4 za jedwali zitoke kwenye akiba iliyotengwa mapema. Ukiziomba wakati wa kugawa, kigawa kumbukumbu (sehemu ya keneli inayotoa nafasi kwa wanaoiomba) nacho kinaweza kutaka ukurasa ugawanywe, mkaanza kuzungushana.

Na steki zipangeni pamoja. Zangu ni za KB 16, ukiongeza ulinzi ni KB 20, kwa hiyo MB 2 moja inabeba steki 102 na kubaki KB 8. Nagawa ukurasa mmoja tu, jedwali moja la KB 4, na ramani nyingine yote inabaki ya kurasa kubwa kama ilivyokuwa.