Amekufa Huyo

Dada yangu alifariki Tanga mwaka 2002, mimi nikiwa na miaka minane. Homa ilimshika Jumanne, Alhamisi akapelekwa hospitali, na hakurudi. Mimi niliambiwa amepelekwa Dar es Salaam kutibiwa. Nikaona nyumba inajaa watu, majamvi yanatandikwa barazani, masufuria makubwa yanaletwa uani, kisha nikapelekwa Pangani kwa mama mdogo, siku kumi, eti nikacheze na wenzangu. Aliyeniambia kweli ni mtoto mwenzangu wa madrasa, tukiwa tunatawadha, na aliisema kama habari ambayo kila mtu anaijua. Sikumuuliza mama. Mama naye hakuniambia. Mwaka uliofuata tukamfuata baba Columbus, Ohio, na habari ya dada tukaiacha Tanga.

Huko Marekani rafiki yangu wa kwanza alikuwa televisheni. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na katuni za Jumamosi asubuhi zilinivumilia: maneno machache, vitendo vingi. Septemba 2004 ikaanza One Piece, katuni ya Kijapani kutoka hadithi ya Eiichiro Oda, kuhusu Luffy, kijana mwenye mwili unaovutika kama mpira, anayetaka kuwa mfalme wa maharamia. Nilimpenda Luffy, lakini niliyemfuata hasa ni Zoro, mpiganaji wa mapanga matatu, mawili mikononi na moja mdomoni. Katika ile ya Kiingereza walimwita Zolo, nami nikadhani ndilo jina lake.

Kisha ikaja Jumamosi ya Kuina.

Kuina ni binti wa mwalimu wa mapanga aliyemlea Zoro. Wakiwa watoto walipigana mara 2,000, na zote Zoro alishindwa. Usiku mmoja wakatoka na mapanga ya kweli, ya chuma, na Kuina akamshinda tena. Halafu yule mshindi ndiye aliyelia: baba yake alikuwa amemwambia kwamba mwanamke hawezi kuwa bora kuliko wote duniani. Zoro akamkasirikia kwa kusema hivyo, wakaahidiana kwamba mmoja wao lazima afike kileleni. Baada ya hapo, kwenye televisheni yetu, tukaambiwa kwamba Kuina aliumizwa vibaya na watu na hataweza kushika upanga tena. Basi. Hadithi ikasonga mbele.

Nilikaa pale kwenye zulia na kitu kinanisumbua. Zoro anautembeza upanga wa Kuina popote aendapo, ule wenye mpini mweupe, na ndio anaouweka mdomoni. Kama mwenzake yu hai, kwa nini anaubeba kama amana ya marehemu? Upanga wa mtu aliye hai unamuomba mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimewahi kuambiwa na watu wazima kwamba mtu yuko mahali fulani, anatibiwa.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana shuleni, nilimuuliza rafiki yangu mmoja, Mvietnamu, ambaye kaka yake alikuwa chuo kikuu. Kaka yake na wenzake walikuwa wakizipata katuni hizi kama zilivyooneshwa Japani, zimetafsiriwa na mashabiki wenyewe kwa maandishi chini ya picha, wanazirekodi kwenye CD na kupeana mkono kwa mkono. Rafiki yangu aliposikia nilichoona, alisukuma sinia lake pembeni.

"Kuina alikufa," akasema. "Alianguka ngazi. Wamewadanganya."

Meza nzima ikawaka. Huyu anasema hata ile bastola ambayo Koby, rafiki wa Luffy, alielekezewa kichwani ilikuwa bastola, si nyundo ya springi tuliyooneshwa. Yule anasema damu zimefutwa. Mwingine anaapa kwamba yuko mpishi anakuja, Sanji, anayevuta sigara muda wote, tusubiri tuone watamfanyaje. (Alipokuja, sigara ilikuwa imegeuka pipi kijiti. Tukaona kwa macho yetu.) Kilichowauma wale watoto, nakumbuka vizuri, ni kwamba Japani hadithi hii ilioneshwa kwenye Fuji TV saa moja jioni, wenzetu wa umri wetu wakiitazama na wazazi wao. Wao waliaminiwa, sisi hatukuaminiwa.

Mashabiki wengi tangu siku hizo huizungumzia zaidi ile pipi kijiti, na ninaelewa: inaonekana wazi, na inachekesha. Mimi sigara ningeisamehe. Kampuni iliyonunua haki ilitaka kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi, na kituo cha televisheni kina masharti yake juu ya tumbaku na silaha. Lakini kifo si sigara. Mtoto hafundishwi kufa kwa kuona mtu amekufa. Ukiondoa kifo cha Kuina, unamwondolea Zoro sababu ya kuishi anavyoishi, na unamwacha mtoto aliyefiwa akidhani ni yeye peke yake duniani.

Rafiki yangu aliniazima ile CD. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi, namba za sehemu tu, 17 hadi 20. Nikaificha ndani ya daftari la hesabu mpaka nyumbani.

Kompyuta yetu ilikuwa sebuleni, na jioni ile mama alikuwa anapiga pasi sare ya kazini, nyuma yangu. Baba alikuwa zamu ya usiku. Niliweka sauti chini. Kijapani sikukijua, na yale maandishi ya Kiingereza yalipita haraka kuliko nilivyoweza kusoma, hata nikawa nasimamisha kila mara. Kuina akalia chini ya mwezi, wakaahidiana. Kulipokucha wakaja kumwambia Zoro.

Nilikuwa bado nahangaika na neno "stairs" pale chini. Kwenye picha kuna mtoto amelazwa sakafuni, amefunikwa, kitambaa cheupe usoni.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," mama akasema nyuma yangu. "Amekufa huyo."

Hakuwa amesoma neno hata moja. Pasi ilikuwa imesimama hewani, inatoa mvuke.

"Labda amelala," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo, nilishajua.

"Aliyelala hafunikwi uso, mwanangu." Akaiweka pasi wima, akavuta kiti. "Rudisha nyuma nione."

Nikarudisha. Tukatazama tangu ule usiku wa mapanga. Akaniuliza huyu binti ni nani, na yule mvulana ni nduguye? Nikamweleza kwamba si ndugu kwa damu, ni wa kulelewa pamoja. Zoro alipopiga kelele kwamba waliahidiana, mama aliweka mkono juu ya bega langu na hakuutoa. Mvulana akaenda kwa mwalimu, kwa baba wa marehemu, akamuomba ule upanga mweupe, analia kwa sauti, na mwalimu akampa.

"Amekufa lini na wamemwambia lini?" mama akauliza.

"Amekufa asubuhi hiyo. Wamemwambia hapo hapo."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile, mama."

Picha ilikuwa imefika mwisho na wimbo wa kufungia ukaanza. Nilitaka kuuzima, akanizuia, ukaimba mpaka ukaisha.

"Pangani ni mimi niliyesema upelekwe," akasema. "Baba yako kwenye simu alikataa, alisema mtoto aambiwe amzike dada yake. Mimi nilisema bado mdogo."

"Nilijua," nikamwambia. "Niliambiwa madrasa."

"Na nani?"

Nikamtaja. Mama akatikisa kichwa pole pole, akamtaja na mama yake yule mtoto, jirani yetu, ambaye ndiye aliyemwosha dada. Hilo nilikuwa silijui. Halafu akaanza kunieleza mengine ambayo nilikuwa siyajui: kwamba walimzika baada ya Alasiri, kwamba mvua ilinyesha ikabidi watu wangoje, kwamba kanga aliyofunikwa ilikuwa ile ya mama ya sikukuu ya Idi. Alieleza mpaka sare ikajikunja upya kwenye ubao wa pasi.

"Amelala ubavuni mwa babu yako," akasema. "Upande wa mwembe. Tukienda nitakuonesha."